Kupeleka jambo mahakama ya kadhi ukiwa Nairobi, na mipaka aliyowekewa kadhi na Katiba

Wakazi wengi wa Eastleigh, South C na Majengo ya Pumwani wanamjua kadhi kama sheikh kuliko wanavyomjua kama hakimu. Ndiyo maana kuna wanaomwendea na kesi ya deni la duka, wengine na ugomvi wa ploti, na wengine wakidhani wanaingia ofisi ya msikiti. Kadhi wa Kenya ameajiriwa na Tume ya Huduma za Mahakama, analipwa kutoka hazina ya umma, na mahakama yake imetajwa katika Kifungu cha 169 cha Katiba pamoja na mahakama za mahakimu. Katiba hiyo hiyo, katika Kifungu cha 8, inasema nchi haina dini ya taifa. Watu huniuliza mambo hayo mawili yanakaaje nyumba moja. Jibu liko Kifungu cha 170(5): kadhi anaamua maswali ya sheria ya Kiislamu kuhusu hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu, na ni pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wote wamekubali awaamulie. Ukilishika hilo, mwongozo huu wote utakuwa mwepesi kwako.

Kadhi alifikaje Nairobi, mji ambao haukuwa sehemu ya Mwambao wa Sultani? Mkataba wa 1895 kati ya Uingereza na Sultani wa Zanzibar uliacha mahakama za kadhi ziendelee katika ukanda wa maili 10 wa Pwani. Oktoba 1963, uhuru ulipokaribia, Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, waliandikiana kwamba mahakama hizo zitaheshimiwa. Sheria ya Mahakama za Kadhi ya 1967 ikazileta bara. Mei 2010, miezi michache kabla ya kura ya maoni, Mahakama Kuu ikasema kuziweka katika katiba ya zamani kunakwenda kinyume na nchi isiyo na dini, na makanisa mengi yakapiga kampeni ya kupinga rasimu mpya, kadhi akiwa mojawapo ya sababu. Agosti 4 wananchi wakaipitisha rasimu, na kadhi ndani yake. Kwa hiyo yule anayekwambia mahakama hii ni upendeleo uliopenyezwa kisirisiri, mkumbushe kwamba iliwekwa mezani, ikapigiwa kelele, ikapigiwa kura.

Hatua ya kwanza: hakikisha jambo lako ni la kadhi

Jiulize maswali matatu kabla hujatoa hata nauli. Jambo lenyewe ni la ndoa, talaka, mirathi au hadhi ya mtu? Wahusika wote ni Waislamu? Na yule wa upande wa pili atakubali kufika mbele ya kadhi, au atapinga? Jibu moja likiwa hapana, utafute mlango mwingine, la sivyo utapoteza miezi na ada kisha uambiwe mahakama haina mamlaka.

Deni la hadi shilingi milioni moja linapelekwa Mahakama ya Madai Madogo. Ugomvi wa nani mwenye hatimiliki ni wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, hata kama mnaogombana ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Malezi na matunzo ya watoto yapeleke Mahakama ya Watoto. Mamlaka ya kadhi juu ya malezi yamebishaniwa mahakamani zaidi ya mara moja, wakati Sheria ya Watoto ya 2022 imeipa Mahakama ya Watoto kazi hiyo waziwazi na Katiba imetanguliza maslahi ya mtoto. Kwa nini ujiingize katika ubishi wa mamlaka ilhali mtoto anadai karo?

Jinai haina kadhi, wala haina maslaha, yaani suluhu ya wazee wa koo. Hili nalisema kwa sauti kwa sababu ya yanayotendeka mitaani kwetu. Msichana anabakwa, wazee wa koo mbili wanakutana hotelini, pesa inatoka, kila mtu anarudi kwake. Kwa sheria ya Kenya kikao hicho hakifuti kitu: kesi za Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haziwezi kuondolewa na familia. Kumwoza mtoto aliye chini ya miaka 18 pia ni kosa, hata walii awe radhi na nikaha itimie nguzo zote.

Hatua ya pili: jaribuni suluhu, lakini iandikwe

Kifungu cha 159 kinazitaka mahakama ziendeleze upatanishi, na kadhi mwenyewe mara nyingi atakuuliza kama mmekaa na wazee. Kwa hiyo kaeni. Imamu wa msikiti wenu, mjomba mwenye busara, mama mkubwa ambaye pande zote zinamwogopa, wote wanafaa. Mkikubaliana, andikeni: tarehe, majina kama yalivyo kwenye vitambulisho, nani atalipa nini na lini, sahihi za wahusika na mashahidi wawili. Msipokubaliana, andikeni pia kwamba mmekaa na hamkuafikiana. Karatasi hiyo itakuokolea wakati.

Ila mtu asikufungie kwenye suluhu. Mke anayepigwa halazimiki kwenda vikao vitatu vya wazee ndipo aruhusiwe kufungua kesi, na anayemwambia hivyo anamdanganya.

Hatua ya tatu: pata karatasi ya ndoa yako

Hapa ndipo Nairobi inapotuponza. Nikaha imefungwa sebuleni Pangani, ijabu na kabuli (kutoa na kukubali ndoa) zimepita, mahari imetajwa, mashahidi wapo, pilau limeliwa. Mbele ya Mungu ndoa imekamilika. Miaka sita baadaye mume anafariki, au anakana, au mke anataka pasipoti yenye jina la ndoa, ndipo inagundulika kwamba kilichopo ni picha za simu tu.

Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya Kiislamu na inataka ifungishwe na kadhi, sheikh au imamu aliyeidhinishwa na Msajili wa Ndoa. Kabla ya siku yenyewe, muulize anayefungisha kama ana idhini hiyo na kama ana daftari la vyeti. Ni swali la adabu kabisa, sheikh wa kweli hatakasirika. Ofisi ya Msajili wa Ndoa kwa Nairobi iko Sheria House, Harambee Avenue, na huduma zake nyingi zinaombwa kupitia eCitizen. Cheti kikitoka, kisome palepale: tahajia ya majina, namba za vitambulisho, kiasi cha mahari. Herufi moja iliyokosewa kwa jina la mke itamsumbua siku ya mirathi.

Kama mwenzako si raia, cheti hicho kina uzito zaidi. Kifungu cha 15 cha Katiba kinampa aliyeolewa au kuoa Mkenya kwa angalau miaka 7 haki ya kuomba kusajiliwa kuwa raia. Miaka hiyo lazima ithibitishwe, na ndoa isiyo na cheti huithibitishi kwa kiapo cha shangazi.

Halafu liko hili la wanaume. Aliyefunga ndoa ya kanisani au ya kiserikali, ambayo ni ya mke mmoja, hawezi kusilimu Ijumaa na kuoa mke wa pili kwa nikaha Jumamosi. Sheria ya Ndoa inamkataza kufunga ndoa nyingine yoyote hadi ile ya kwanza ivunjwe. Wanaopata hasara hapo ni mke wa pili na watoto wake, siku ya kugawa.

Hatua ya nne: talaka, na umuhimu wa kuisajili

Sheria ya Ndoa imeacha kuvunjika kwa ndoa ya Kiislamu kwa sheria ya Kiislamu yenyewe. Mume anaweza kutoa talaka; mke anaweza kuomba khului kwa kurudisha mahari au sehemu yake; na mke anaweza kumwomba kadhi afasakhi, yaani avunje, ndoa kwa sababu kama kutotunzwa, kupigwa au kutelekezwa. Wanawake wengi wanaoketi kwenye mabenchi ya mahakama hii wamekuja kwa hilo la tatu, au kuthibitisha talaka ambayo mume aliitoa kwa mdomo kisha akaikana.

Ukiwa umeachwa kwa ujumbe wa WhatsApp, usifute kitu na usibadilishe simu. Picha ya skrini inasaidia, lakini simu yenyewe yenye ujumbe, tarehe na namba ina nguvu zaidi. Andika siku hiyohiyo ulipokuwa, nani alikuwepo, na kama ulikuwa twaharani (si katika hedhi), kwa sababu hesabu ya eda inaanzia hapo: twahara tatu kwa mwenye hedhi, kujifungua kwa mjamzito. Katika dai lako taja kila unachodai, moja moja: mahari iliyobaki, matunzo ya eda, matunzo ya nyuma, na mut'a, kile kitulizo cha mke aliyeachwa. Kadhi hawezi kukupa usichokiomba.

Mali mliyochuma pamoja ni jambo linalohitaji wakili. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema Mwislamu *anaweza* kutawaliwa na sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Haikusema lazima. Mwanamke aliyelipia nusu ya nyumba ya South B kwa mshahara wake apate ushauri kuhusu mahakama ya kwenda kabla ya kufungua lolote. Akishaingia kwa kadhi na kukubali mamlaka yake, kurudi nyuma si rahisi.

Talaka ikishathibitishwa, hakikisha nakala ya amri imefika kwa Msajili wa Ndoa. Bila hivyo, kwenye vitabu vya serikali wewe bado ni mke wa mtu.

Hatua ya tano: mirathi

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye pesa na ndipo penye machozi.

Sheria ya Urithi, ambayo Wakenya wengine wanaifuata, haigawi mali ya aliyekufa akiwa Mwislamu. Tangu marekebisho ya 1990, kifungu chake cha 2(3) kinasema mali hiyo itagawiwa kwa sheria ya Kiislamu. Kwa hiyo yule kaka anayetishia kwamba ataipeleka kesi Mahakama Kuu ili mafungu yabadilike amepotea. Mahakama Kuu inaweza kusikiliza mirathi ya Mwislamu, na Mahakama ya Rufaa imeshalisema hilo, lakini itatumia faraidhi zilezile, yaani mafungu ya mirathi ya Kiislamu.

Anza na karatasi: cheti cha kifo, barua ya chifu yenye orodha ya warithi, nakala za vitambulisho vyao na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa cha kila mjane, na orodha ya mali. Kwa ardhi na nyumba za Nairobi fanya utafutaji wa rekodi kupitia Ardhisasa, mfumo wa serikali wa rekodi za ardhi mtandaoni, usitegemee fotokopi ya hatimiliki iliyokuwa chini ya godoro. Kwa benki, Sacco na pensheni, omba taarifa kwa maandishi na uulize kama kuna mteule, yaani mtu ambaye marehemu aliandikisha apokee pesa hizo. Mteule wa Sacco anaweza kulipwa na chama moja kwa moja, na hapo ndipo ndugu huanza kununiana. Mlimalize nyumbani mapema.

Kisha madeni. Kabla ya kugawa kunatoka gharama za mazishi, madeni na wasia, na wasia hauzidi theluthi wala hapewi mrithi bila warithi wengine kuridhia. Mahari ya mjane ambayo hakulipwa ni deni pia! Wajane wengi hawalitaji kwa haya.

Tuchukue mfano. Marehemu ameacha mke mmoja, mama yake, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Mali yote ina thamani ya shilingi 5,000,000, na madeni na mazishi ni 200,000. Zinabaki 4,800,000. Mke, kwa kuwa kuna watoto, anapata thumni (moja ya nane): 600,000. Mama anapata sudusi (moja ya sita): 800,000. Zinabaki 3,400,000 za watoto, kila mwana akichukua mara mbili ya binti, yaani mafungu matano ya 680,000. Kila mwana anapata 1,360,000 na binti 680,000. Wajumlishe wote, utarudi kwenye 4,800,000 kamili. Fanyeni hesabu hii mezani, kwa kikokotoo, kila mtu akiona, kabla ya kwenda kwa kadhi. Ugomvi mwingi unaouona mahakamani haupingi mafungu, unapinga thamani ya ile nyumba ya Eastleigh na nani amekuwa akichukua kodi yake tangu marehemu azikwe. Mafungu haya ni ya Sunni. Kama ninyi ni Shia, mwambieni kadhi mapema, maana mafungu hayafanani yote.

Je, binti kupata nusu ya kaka yake si ubaguzi, na Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi? Katiba ilitarajia swali hilo. Kifungu cha 24(4) kinaruhusu masharti ya usawa yapunguzwe kwa kiasi cha *lazima kabisa* ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya kadhi katika yale mambo manne. Wako wanaharakati wanaoona mlango huo ni mpana mno, na wako masheikh wanaoona maneno "lazima kabisa" ni kamba shingoni. Mimi naona maneno hayo ndiyo yatakayobishaniwa kwa miaka mingi ijayo. Juni 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba watoto wa baba Mwislamu waliozaliwa nje ya ndoa hawawezi kutengwa katika mirathi yake kwa sababu hiyo. Masheikh wengi walipinga vikali, wakisema mahakama imeingia ndani ya dini. Vyovyote unavyoona, usimfiche mtoto huyo kwenye orodha ya chifu. Akijitokeza baadaye na wakili, kesi nzima itaanza upya. Na wewe uliye hai mwenye mtoto wa namna hiyo, fikihi haijawahi kukuzuia kumpa hiba (zawadi) ukingali hai, wala kumwandikia wasia ndani ya theluthi.

Hatua ya sita: kufungua kesi

Nairobi kesi zinafunguliwa kwa mtandao wa Idara ya Mahakama tangu Julai 2020. Unafungua akaunti, unapakia dai au ombi, hati ya kiapo na vielelezo, mfumo unakadiria ada, unalipa, unapewa namba ya kesi. Usiyejua kompyuta nenda kwenye dawati la huduma la mahakama ya Milimani, uulize pia chumba anachokaa kadhi siku hizo. Wakili si lazima, unaweza kujisimamia. Ukiwa huna uwezo wa ada, uliza masjala jinsi ya kuomba usamehewe, usiondoke kimyakimya.

Kuna vijana wanaozunguka karibu na mahakama wakijitolea "kukusaidia na faili". Lipa ada kwenye mfumo pekee, kwa namba ya malipo uliyopewa, na uhifadhi ujumbe wa M-Pesa.

Mpelekee mwenzako hati rasmi na uwe na ushahidi kwamba amezipata. Akifika na kujibu bila kupinga mamlaka, mmeshakubaliana kadhi awaamulie. Akipinga tangu mwanzo, kadhi ataamua hilo kwanza.

Hatua ya saba: siku ya kusikilizwa

Fika asubuhi na asili za karatasi zako, nakala peke yake hazitoshi. Ongea Kiswahili, hakuna atakayekucheka. Anza na tarehe, kisha matukio, kisha unachotaka. Hadithi ya mawifi iache nje, isipokuwa kadhi akikuuliza.

Watu huniambia shahidi mwanamke hahesabiki kwa kadhi, au kwamba lazima wawe wawili. Sheria ya Mahakama za Kadhi, kifungu cha 6, inasema ushahidi utafuata sheria ya Kiislamu, ila mashahidi wote wasikilizwe bila ubaguzi wa dini wala jinsia, na jambo liamuliwe kwa kuaminika kwa ushahidi, si kwa idadi ya mashahidi. Kwa hiyo jirani yako Mkristo aliyemsikia mumeo akitamka talaka koridoni anaweza kuja, akala kiapo chake na akasikilizwa.

Hatua ya nane: hukumu na rufaa

Amri ya kadhi inatekelezwa kama ya mahakama nyingine za chini: asiyetii anaweza kukamatiwa mali. Usiporidhika, unakata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 30. Huko jaji ndiye anayeamua, akikaa na Kadhi Mkuu au makadhi wawili kama washauri wake. Na kwa kuwa siku zinahesabiwa tangu tarehe ya amri, omba nakala iliyoidhinishwa ya hukumu na ya mwenendo wa kesi siku hiyohiyo inaposomwa, kabla hujatoka kwenye jengo, na upewe risiti yenye tarehe ya ombi.